Stata ya mashine ya nyasi imegoma: uitengeneze, ununue kopi au uagize orijino?

Masika yakichanganya, uwanja hausubiri mtu. Stata ya mashine ya nyasi ya kukalia ikigoma katikati ya Aprili, mwenye uwanja hutaka jibu la haraka: aitengeneze, anunue kopi ya Kichina, au aagize orijino? Nami humrudisha nyuma kidogo, jambo linalowakera wengi: nani kasema ni stata?

Nazungumzia zile trekta ndogo zenye kiti, visu tumboni na injini ya silinda moja au mbili, ambazo utazikuta kwenye shule zenye viwanja vikubwa, hoteli za pwani, viwanja vya gofu na nyumba za wenye bustani. Nyingi zimefika huku zikiwa zimeshatumika Ulaya au Marekani. Injini huwa ya Kohler, Kawasaki au Briggs & Stratton. Nitaegemea zaidi Briggs ya silinda moja yenye valvu za juu, kwa sababu hiyo ndiyo yenye ugonjwa unaoisingizia stata kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Stata au jirani zake?

Ukizungusha funguo pakawa kimya kabisa, hata "tak" hakuna, iache stata kwanza. Mashine hizi zina swichi za usalama: moja kwenye pedali ya breki, nyingine kwenye visu, na kwa baadhi ya mashine hata kiti kina yake. Breki isipokanyagwa hadi mwisho, au visu vikiwa vimewashwa, umeme haufiki kwenye solenoidi, ile swichi ya umeme inayoifungulia stata moto wa betri. Zile zisizo na usukani, zinazoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, hutaka mikono yote isukumwe nje. Angalia fyuzi. Angalia chini ya kiti pia, maana panya hupenda kujenga mle wakati wa kiangazi na waya ndiyo chakula chao.

Ikilia "tak-tak-tak" mfululizo, hiyo ni betri au vichwa vyake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 iko karibu tupu, hata kama taa zinawaka vizuri tu. Kipimo chenye maana ni kile cha wakati wa kazi: weka multimita kwenye betri, mwenzako apige stata. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, malizana na betri kabla ya mambo mengine. Pwani kuna la ziada, hewa ya chumvi. Vichwa vya betri huota unga mweupe na wa kijani, na waya wa athi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chesisi, hushika kutu chini ya bolti mahali usipopaona. Ufungue, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, uufunge tena.

"Tak" moja nzito halafu kimya, hapo ndipo solenoidi na stata huanza kusukumiana lawama. Kuwaamua ni kazi ya dakika chache. Solenoidi ina bolti mbili kubwa, moja ya waya mnene unaotoka betri na nyingine ya waya unaokwenda kwenye stata. Weka ncha za multimita kwenye bolti hizo mbili. Kabla ya kupiga itasoma kama volti 12. Ikishagonga inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikibaki 12 ilhali masikio yako yamesikia "tak", mguso wa ndani umeungua, badilisha solenoidi. Ni kifaa cha bei ndogo. Na kama haikusoma chochote hata kabla ya kupiga, huku betri ikiwa nzima, yawezekana njia ndani ya stata imekatika, kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazigusi.

Kisha hamisha: ncha moja kwenye bolti ya stata yenyewe, ya pili kwenye mwili wa injini. Piga. Ukiona volti 10 au zaidi zimefika pale na stata haijitikisi, na injini ukiizungusha kwa mkono inazunguka, sasa una haki ya kuilaumu.

Najua mafundi wengi hawana subira na multimita, huunganisha bolti mbili za solenoidi kwa bisibisi na kusikiliza. Inafanya kazi, sikatai. Ila njia hiyo inaruka swichi zote za usalama, na cheche zinaruka karibu na betri ambayo hutoa gesi ya haidrojeni. Ukiamua kufanya hivyo, gia iwe nyutro, breki ya kuegesha imefungwa, visu vimezimwa, na usisimame mbele ya tairi.

Nyundo nayo iweke chini. Stata za gari za zamani zilikuwa zinaamka kwa kugongwa, ndipo tabia hiyo ilipotoka. Stata hizi ndogo zina sumaku zilizogundishwa ndani ya mwili, na sumaku za aina hii hupasuka kama kigae. Ukiipiga leo ikaamka, kesho kipande cha sumaku kitaikwamisha moja kwa moja.

Ugonjwa unaouza stata bure

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapa.

Dalili ni hii: unapiga stata, injini inazunguka nusu, inagota, inanung'unika, pengine inarudi nyuma kidogo. Ukiachia na kupiga tena, safari hii inapita na injini inawaka. Mwenye mashine anasema stata imechoka. Ananunua betri, hakuna nafuu. Ananunua stata, na ile mpya kwa kuwa ina nguvu kidogo zaidi inalificha tatizo kwa muda, kwa hiyo duka linashukuriwa.

Kumbe injini ya saizi hii ina mgandamizo mkubwa mno kwa stata ndogo kama ile. Waliounda walijua, wakaweka kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, kifaa kidogo ambacho, injini ikiwa inazunguka polepole, huinua valvu kidogo tu ili hewa ipungue na stata ipate unafuu. Injini ikishika kasi, kifaa hujiondoa. Kiasi hicho cha kuinua valvu ni kidogo sana, kiasi kwamba tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma, zikilegea tu kwa uchakavu wa kawaida, valvu haifunguki tena wakati wa kuwasha. Stata inabaki kupambana na mgandamizo mzima.

Kuitambua ni rahisi. Toa plagi, weka waya wake mbali na tundu, piga stata. Ikizunguka kwa kasi bila kusita, na ukirudisha plagi inagota palepale, stata yako ni nzima, au angalau si mshitakiwa wa kwanza. Fungua kifuniko cha valvu injini ikiwa baridi. Zungusha kwa mkono hadi pistoni ifike juu kwenye mgandamizo, kisha ipitishe kidogo, ishuke kama milimita 6, ili kile kifaa kisiwe kinaisukuma valvu. Pima nafasi hiyo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa Briggs nyingi za aina hii valvu ya kuingiza hewa hutaka nafasi ya milimita 0.08 hadi 0.13, na ya moshi 0.13 hadi 0.18. Ukikuta nusu milimita, umeshampata mwizi. Gharama yake ni gasketi ya kifuniko na saa moja ya fundi.

Ukishaweka sawa na bado inagota, huenda kifaa chenyewe kwenye kamshafti kimevunjika. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, na hapo hakuna stata, ya kopi wala orijino, itakayokusaidia.

Liko jambo la pili linalofanana na hilo: mashine imelala siku nyingi bila koki ya petroli kufungwa, kabureta ikavuja, petroli ikajaa kwenye silinda. Injini inakwama kama imefungwa kwa bolti. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, toa plagi, zungusha injini kwa mkono imwage kilichomo, badilisha oili, tengeneza kabureta. Usipige stata huku petroli inamwagika.

Haya, ni stata kweli

Basi usikimbilie dukani bado. Kinachoamua kati ya kutengeneza na kununua ni kipi kimekufa, kwa hiyo ifungue kwanza.

Ikilia "wiiii" bila injini kuzunguka, ni bendiksi. Kwenye Briggs iko juu ya stata, unaiona ukiondoa kifuniko cha feni: gia ndogo inayopanda kwenye shafti yenye mifereji ya mzunguko mpaka ikamate meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Mara nyingi haijafa, imekwama tu kwa vumbi la nyasi lililochanganyika na grisi ambayo fundi fulani aliipaka kwa nia njema. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, na uiache bila grisi. Ikiwa meno yamelika, bendiksi huuzwa peke yake pamoja na springi na pini yake.

Na hapa pana mtego wa kuujua kabla hujanunua chochote. Injini nyingine zina flaiwili yenye meno ya alumini, nyingine ya chuma. Alumini huendana na gia ya plastiki ngumu. Chuma huendana na gia ya chuma. Wako watu wanaodharau ile ya plastiki, wanasema wameuziwa kitoto, wanaweka ya chuma ili idumu. Inadumu kweli, inakula meno ya flaiwili, na flaiwili ni ghali kuliko stata. Chukua sumaku yoyote, hata ya spika iliyokufa, uiweke kwenye meno ya flaiwili. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, ni alumini, na gia yako lazima iwe ya plastiki.

Kutengeneza

Kwa bendiksi, kaboni na bushi (zile pete zinazoshika shafti), mimi hutengeneza bila kusita. Fundi umeme wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, au yeyote anayekaa karibu na maduka ya Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kazi hii anaifanya amefumba macho. Kaboni za saizi halisi zikikosekana, atachukua za stata ya gari na kuzikata kwa tupa zikae. Hilo halina ubaya, mradi ziwe za stata kweli. Kaboni za stata ya volti 12 zimechanganywa na shaba, ukizikwaruza zinang'aa kwa wekundu. Zile nyeusi tupu za drili ya umeme wa nyumbani zina ukinzani mkubwa. Ukiziweka, stata itazunguka kichovu na utaanza kulaumu betri upya.

Kabla hajafungua, chora mstari kwa tupa kupitia mwili na vifuniko vyote viwili. Wakati wa kufunga vinatakiwa virudi palepale, la sivyo sumaku zinakaa vibaya na stata inapoteza nguvu au inazunguka kinyume. Akiwa amefungua, mwambie akuoneshe amecha, ile sehemu ya ndani yenye nyaya inayozunguka. Ile sehemu ya shaba ambako kaboni hugusa ikiwa nyeusi, msasa laini unatosha. Ikiwa imechimbika mfereji, au nyaya zimeungua na kunuka, hapo ndipo swali la kusuka, yaani kuizungushia nyaya upya, huja.

Kusuka amecha sipendekezi. Kwa mota ya pampu ya maji kusuka kuna faida, ile ni mota kubwa na mpya ni ghali. Amecha hii ni ndogo, nyaya zake ni nene na chache, inataka kulinganishwa vizuri isitetemeke, na bei ya mafundi wengi hukaribia bei ya kopi nzima. Sumaku ikiwa imepasuka ndiyo kabisa, usipoteze muda.

Faida ya kutengeneza ambayo watu huisahau: stata yako ya zamani ndiyo unayojua kwa hakika kwamba inaingia kwenye injini yako. Na ni kazi ya siku hiyohiyo, jambo zito wakati nyasi zinapanda.

Kopi

Kopi imesemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ukiagiza mtandaoni mara nyingi huanzia chini ya dola 50, ilhali orijino mara nyingi hupita 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mashine ya nyumbani inayofanya kazi mara moja kwa wiki, kopi nzuri hukaa miaka.

Ubovu wake hauko kwenye nyaya, uko kwenye bushi, kaboni na bendiksi, vitu vilevile ambavyo fundi wako angeweza kubadilisha. Kwa hiyo bendiksi ya stata yako ya zamani ikiwa nzima, ihamishie kwenye kopi, ya kopi uiweke kabatini.

Dukani nenda na ya zamani mkononi. Jina la mashine halitoshi, maana rangi moja ya mashine huweza kubeba injini tofauti. Hesabu meno ya gia. Linganisha urefu wa mwili, maana ziko fupi na ndefu zenye bolti zinazoingia kote. Tazama gia ni plastiki au chuma. Mwambie muuzaji aizungushe kwa betri hapohapo: gia iruke juu na irudi chini umeme ukikatwa. Maduka mengi ya spea hayarudishi kifaa cha umeme kikishatoka mlangoni, kwa hiyo ukaguzi wote ni wa kabla ya kulipa.

Orijino

Orijino hununui kwa jina la mashine wala kwa picha. Injini ya Briggs ina namba tatu zilizogongwa kwenye bati lake, kwa kawaida kwenye kifuniko cha feni au cha valvu: modeli, aina na kodi (code). Hiyo ya tatu huanza na mwaka, mwezi na siku injini ilipoundwa, hivyo ikianza na 0503 ujue ni Machi 2005. Ukiwa na tatu zote, muuzaji wa kweli hukutajia stata yako bila kubahatisha. Anayekujibu "hii inaingia kwenye Briggs zote" anakuuzia kopi kwenye boksi lenye jina.

Shida ya orijino huku kwetu ni muda. Ukiagiza rasmi, ihesabie wiki kadhaa. Kama una ndugu Marekani anayekuja likizo, stata ina uzito wa kama kilo 2, inaingia kwenye begi bila shida, na huko inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya bustani. Mpe namba zote tatu kwa maandishi, si kwa kumsomea kwenye simu.

Ya mtumba siizungumzii sana. Naikubali tu ikiwa bado imefungwa kwenye injini na nimeiona ikizungusha. Iliyokwisha kutolewa na kuwekwa juu ya meza ya muuzaji, aliyeitoa alikuwa na sababu yake.

Ningechagua nini

Nyumbani, bustani moja, stata imekufa bendiksi au kaboni: tengeneza, wala usifikirie zaidi. Amecha imeungua: kopi, baada ya kupima flaiwili kwa sumaku na kuhesabu meno ya gia.

Shule yenye mashine moja na uwanja wa mpira unaosubiriwa na mashindano: tengeneza leo uwanja ukatwe, na wiki hiyohiyo nunua kopi ikae stoo. Mbili kwa pamoja bado ni nafuu kuliko kukodisha vijana wa slesha kwa msimu mzima.

Hoteli au klabu ya gofu, ambako mashine hufanya kazi kila siku na ikisimama mtu anapigiwa simu: orijino, iagizwe kiangazi kabla haijahitajika. Huko kopi ni uchumi wa uongo, hasa kwa injini ya silinda mbili ambayo stata yake hubeba kazi kubwa zaidi. Na ukiwa na mashine nne za injini moja, stata moja orijino stoo inazilinda zote.

Wakati wa kufunga

Toa kwanza waya hasi wa betri. Bolti ya waya kwenye stata ina nati mbili. Ya chini ishike kwa spana wakati unafungua au kukaza ya juu. Ukikaza bila kushika, bolti nzima inazunguka ndani na kukata waya wa kaboni, na stata mpya imekufa kabla haijapigwa hata mara moja. Sugua mahali stata inapokaa kwenye injini, maana hapo ndipo inapopata hasi yake. Rangi na kutu vinaizuia.

Ikishafungwa, shusha gia kwa kidole na uipandishe mara kadhaa uhakikishe inaingia kwenye meno ya flaiwili bila kubana. Kisha piga, usizidi sekunde 5 kwa mkupuo, na isipowaka iache ipoe dakika 1 kabla ya kurudia.